Mahindi Kwenye Uwanja wa Magitaa

Jumapili, 7 Machi 1993
Daftari hili nimelinunua sokoni Kondele jana, kwa sababu kamati imenipa kazi. Agosti hii tamasha letu la Got Winyo linafanyika kwa mara ya kumi, na Gordon, mwenyekiti, anataka kijitabu cha historia kiuzwe getini. "Mwalimu Lornah ndiye anajua kuandika," alisema, na wote wakapiga makofi, kama watu wanavyofurahi kazi inapomwangukia mwingine.

Sentensi ya kwanza nimeshaiandika kwenye karatasi safi: "Tamasha la Got Winyo lilianzishwa mwaka 1984 na marehemu Oduor, mdogo wangu, mpiga ngoma." Naipenda. Oduor ana miaka minne kaburini, na tamasha ndilo kitu pekee alichoacha ambacho bado kina sauti. Hapa daftarini nitaweka yale yasiyofaa kuingia kijitabuni.

Jumatano, 10 Machi
Jua kali. Ziwa limerudi nyuma, matope yananuka mpaka darasani.

Nimepiga chapa barua ya uwanja kwa Mzee Dishon, mwenye shamba chini ya kilima cha Got Winyo ambako magitaa hupigwa kila mwaka. "Tunakujulisha kuwa tamasha litafanyika kwenye uwanja wako tarehe 14 Agosti." Gordon akagonga muhuri mara mbili, anapenda muhuri. Mama aliuliza nani atampelekea. Nikamwambia tutaiacha pale posho mill, Mzee ataichukua akija kusaga. Mama akatazama goti lake lililovimba tangu Krismasi, akasema, "Haya."

Jumatatu, 22 Machi
Hakuna mvua. Hakuna jibu pia, lakini huyo Mzee hajawahi kujibu mtu.

Ijumaa, 2 Aprili
Mvua. Hatimaye.

Jumatatu, 5 Aprili
Nilikuwa nikisahihisha madaftari Joram aliposimama mlangoni, jembe begani. Joram ni jirani yetu, na ndiye anayepiga ngoma siku hizi badala ya Oduor. Alisema, "Mwalimu, ile uwanja inalimwa."

Nikadhani anatania. Nikaenda na viatu vya shule, nikavipoteza nusu matopeni. Ni kweli. Mzee Dishon yuko nyuma ya ng'ombe wawili na plau, na nusu ya uwanja imegeuzwa, nyeusi, kuanzia mahali tunapojenga jukwaa. Miaka tisa hakuulima. Kila mtu anajua kwamba ule ni uwanja wa magitaa, hata ng'ombe wake wanajua.

"Mzee, habari ya kazi," nikasema.
"Kazi iko."
"Ulipata barua yetu?"
"Nilipata. Mtu wa posho mill alinisomea, watu wote wakisikia."
"Sasa tamasha itakuwa wapi?"
Alisimamisha ng'ombe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua. "Hiyo mnajua nyinyi. Mimi napanda mahindi."

Jumanne, 6 Aprili
Mzee mkaidi. Nimeandika hivyo na ninarudia: mkaidi. Ameoa ukaidi baada ya mkewe kufa. Tangu mwaka wa kwanza hajahudhuria hata tamasha moja, na watu husema ameokoka na haupendi muziki. Aupende au asiupende, si lazima atuzibie njia.

Jumapili, 11 Aprili
Pasaka. Kanisani Mzee Dishon aliketi safu mbili mbele yangu, akaimba kila wimbo. Kwa hiyo muziki anaupenda.

Jumamosi, 24 Aprili
Nimeshinda mjini kutafuta historia. Nilianza na Bwana Kartar, kwenye karakana yake ya mashine, kwa kuwa ndiye aliyetuazima jenereta mwaka wa kwanza. Yeye anaijua historia yote. Inaanza na jenereta, inaendelea na jenereta, na kuishia jenereta iliporudi na mkwaruzo ubavuni.

"Bila mashine yangu hiyo muziki ni watoto kupigia mbuzi kelele," alisema. "Andika hiyo, Mwalimu."

Mwanawe Manjit alitoka nyuma akifuta grisi mikononi. Yeye ndiye aliyeleta gitaa la umeme na ule muziki wa roki, nywele zake wakati ule zikiwa zimemtoka nje ya kilemba. Kwa maoni yake tamasha lilianza yeye na Oduor walipofukuzwa ukumbini mjini kwa kelele, wakaamua kutafuta mahali pasipo na dari. Gordon naye aliniambia wiki iliyopita kwamba wazo lilikuwa lake. Nikiwasikiliza wote kijitabu kitakuwa na waanzilishi wanne na hadhira ya mbuzi.

Nilipokuwa nikiaga, Bwana Kartar akakumbuka kitu. Ana kaseti ya siku ile ya kwanza. "Mimi sikurekodi muziki. Nilirekodi jenereta, nijue kama inakohoa. Lakini muziki iliingia pia." Ataitafuta.

Alhamisi, 6 Mei
Shule imefunguliwa. Wanafunzi hamsini na nane, madawati ishirini. Mahindi ya Mzee Dishon yamefika kifundoni.

Jumatano, 12 Mei
Mvua ya mawe. Niliomba, Mungu anisamehe, iyapige yale mahindi. Hayakuguswa. Sukuma wiki yangu ndiyo imechanika yote.

Jumamosi, 15 Mei
Kikao cha kamati. Gordon anataka kwenda kwa chifu, Mzee aamriwe ayakate mahindi, alipwe fidia. "Mtu mmoja hawezi kuzuia maendeleo," alisema. Nikaunga mkono. Nimeandika ili nisije nikakana: mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Mahindi yamefika magotini.

Jumamosi, 22 Mei
Sijui nianzie wapi. Nitaandika polepole.

Manjit alikuja mchana na kaseti na redio ndogo. Akasema baba yake ameipata ndani ya boksi la boliti. Tulikaa sebuleni, Mama kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, mimi na kalamu tayari. Mwanzoni ilikuwa jenereta tu, dakika nzima, na sauti ya Bwana Kartar ikisema, "Sasa iko sawa, sasa iko sawa." Tukacheka. Kisha gitaa la Manjit, kali, na chini yake ngoma za Oduor. Miaka minne sijazisikia. Mama akafumba macho.

Katikati ya wimbo ngoma zikanyamaza. Gitaa likaendelea peke yake. Manjit akasema, "Hapo sijui nini ilimpata. Nilikuwa nimefunga macho, mimi nikipiga nafunga."

Ndipo sauti ikaingia, ya mzee, mbali na kipaza sauti: "Simamisha kidogo. Simamisha. Nataka kupaka mtu."

Mtu yeyote wa huku anajua maana yake. Ni pakruok. Muziki ukichezwa, mtu akitaka kumsifu rafiki, au mama yake, au ukoo wake, anaenda mbele na kuinua mkono. Gitaa linasimama, anatoa kitu cha kutuza mfukoni, pesa au chochote alicho nacho, anasema sifa watu wote wasikie, halafu muziki unaendelea. Hakuna mpiga gitaa wa huku anayeupita mkono ulioinuliwa. Ni kama kumpita mtu anayekusalimia kwa mkono.

Halafu ikaja sauti yangu. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti siku ile, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka uleule na nilijiona nimeelimika kuliko wote uwanjani. Sauti safi, ya darasani: "Mzee Dishon, tafadhali kaa chini. Huu si muziki wa vilabuni."

Na watu wakacheka. Mamia ya watu. Kicheko kinasikika kirefu kuliko gitaa. Kisha ngoma zikarudi, taratibu, kama mtu anayelazimishwa.

Manjit alizima redio. Hakuniangalia. Mama hakufumbua macho, akasema, "Oduor alilia siku hiyo. Wewe ulikuwa unakunja turubai."
"Kwa nini hamkuniambia?"
"Ungetusahihisha."

Nimejaribu kukumbuka. Namkumbuka Mzee akiwa amesimama. Nakumbuka nikifikiri, huyu atatuaibisha mbele ya wageni wa mjini. Nilisema, yakaisha, nikasahau. Miaka tisa nimesimulia siku ile kama siku njema kuliko zote maishani mwangu. Naona haya kiasi kwamba nimeshindwa kula.

Jumapili, 23 Mei
Sikwenda kanisani. Nilijua atakuwa safu mbili mbele yangu.

Jumatatu, 24 Mei
Nilimwuliza Mama mengine. Kumbe uwanja haukuwa ukijitoa wenyewe. Kila Machi, kabla ya mvua, Oduor alikwenda kwa Mzee Dishon, akakaa naye siku nzima, akaomba. Alipokufa, Mama akaendelea kwenda. Miaka mitatu, kwa miguu, na kuku mkononi. Mwaka huu goti lilimkatalia. Mzee alingoja Machi yote mtu aje. Kilichokuja ni karatasi yangu yenye mihuri miwili, iliyosomwa posho mill mbele ya watu waliobeba mahindi.

"Ungeniambia niende," nilisema.
"Nilikuuliza nani atampelekea," akasema Mama.

Jumamosi, 29 Mei
Nimekwenda shambani na jembe. Nilimkuta akipalilia mara ya pili. Nikamwita kwa jina la heshima la wazee, nikasema, "Jaduong', nimekuja kuomba msamaha. Nimesikia kaseti. Nilikosa sana."

Aliendelea na mstari wake mpaka mwisho, akageuka. "Ulinikosea wapi?"
"Pale. Kwenye jukwaa."
"Mbele ya nani?"
"Mbele ya watu."
"Na sasa unaomba mbele ya nani?"

Nikatazama. Tulikuwa mimi, yeye na mahindi.

Nikaingia mstari wa pili nikaanza kupalilia. Hakunifukuza. Saa sita alienda nyumbani bila kuaga, nami nikamaliza mistari minne. Mikono ina malengelenge, siwezi kushika chaki.

Jumamosi, 5 Juni
Nimepalilia. Hatukuzungumza.

Jumatano, 9 Juni
Gordon amepata miadi na chifu. Nikamwambia naondoa mkono wangu. Akaniuliza kama nimelogwa. Nikamwambia akimpeleka chifu kule atanikuta nimesimama katikati ya mahindi, na ayaeleze magazeti kwa nini mwalimu amekatwa pamoja na shamba. Tumekosana. Sasa anatafuta uwanja mwingine upande wa Migosi, kati ya nyumba za kupanga, roki chini ya madirisha ya watu. Autafute.

Jumamosi, 12 Juni
Nimepalilia. Alinipa maji, kwenye kibuyu.

Jumamosi, 19 Juni
Mahindi yanatoa mbelewele. Palizi imekwisha, lakini nilienda. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala, akanionyesha jiwe la kukalia. Nikakaa. Nikauliza lile ambalo nimelibeba wiki nne.

"Jaduong', siku ile ulitaka kumpaka nani?"

Alichukua shoka lake akakagua mpini, nikadhani nimeharibu tena. Kisha akasema, "Unakumbuka ile mwaka?"

Nani atausahau. Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano, ya msaada, mvua ilipokataa kabisa. Mashamba yote yalikauka, na ndiyo sababu uwanja ule ulikuwa mtupu, vijana wakapata mahali pa kupigia magitaa. Jambo hilo nilikuwa nimeliandika kwenye historia kama bahati njema.

"Mama ya watoto alikuwa mgonjwa," alisema. "Mimi sina kitu. Ndugu yako anafanya kazi ya kubeba mizigo mjini. Kila Ijumaa anatoka na baiskeli mpaka hapa, gorogoro moja, ile mkebe ya kupimia, imejaa mahindi ya njano. Anaweka kwa mlango, anaenda. Sikumwomba. Wiki kumi na moja. Hata nyinyi hakuwaambia."

Hakutuambia. Nilikumbuka Mama akilalamika kwamba mshahara wa Oduor unayeyuka, na mimi nikimhubiria habari ya pombe.

"Kwa hiyo alipokuja kuomba shamba nikampa. Na nikasema, siku hiyo nitaenda mbele, niinue mkono, watu wote wajue Oduor ni mtu wa aina gani. Basi." Alipangusa magoti. "Kesho yake alikuja. Hakusema kitu, akashika jembe, kama wewe. Nikamwambia, shamba ni yako kila mwaka, lakini mimi sitakuja huko tena. Sasa amekufa, na ile maneno bado iko na mimi."

Nililia. Siwezi kuandika kwamba sikulia. Aliniacha nilie, akatengeneza mpini wa shoka lake.

Jumapili, 20 Juni
Nimeichana karatasi ya historia.

Jumatatu, 5 Julai
Mvua imekoma. Mitihani ya katikati ya muhula. Mtoto mmoja ameandika kwamba Ziwa liliumbwa na wavuvi.

Jumamosi, 17 Julai
Mahindi yameanza kukauka chini. Niliuliza kuhusu uwanja, kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Alisema, "Mahindi ikikauka, itakuwa imekauka." Nimerudi nyumbani na neno hilo na kulitafuna kama muwa. Halina ndiyo, halina hapana.

Alhamisi, 29 Julai
Migosi wamekataa. Gordon alikuja mpaka kwetu, kofia mkononi, akasema, "Mwalimu, tufanye nini?" Nikamwonyesha panga la kukatia mabua, tukamsaidie Mzee kuvuna mahindi yakikauka. Ni mwanaume mwenye suti tatu, lakini alilichukua.

Jumatatu, 9 Agosti
Shule imefungwa. Tumevuna. Mzee Dishon alituma neno alfajiri: mahindi yamekauka, anayetaka aje. Tulikuwa kumi na wanane. Gordon alibeba magunia, Joram na vijana wakakata mabua, na Manjit akaja na tela ya baba yake. Bwana Kartar mwenyewe alikuja kuangalia tela. Mama alimenya mahindi akiwa ameketi, goti juu ya gunia. Jioni uwanja ulikuwa wazi tena, umejaa visiki vya mabua.

Mzee alisimama akauangalia. "Hapa mlikuwa mnaweka jukwaa," alisema, akionyesha kwa kidole cha mguu. Ndiyo ruhusa yenyewe.

Nilimwomba aje Jumamosi. Akasema ana magunia ya kuanika.

Ijumaa, 13 Agosti
Jukwaa limesimama. Hakuna kijitabu. Gordon hajauliza.

Jumapili, 15 Agosti
Jana.

Walikuja watu wengi kuliko mwaka wowote, kutoka Kondele, kutoka Obunga, kutoka visiwani. Visiki viliwachoma miguuni na wakaendelea kucheza. Saa nane, kabla ya Manjit kupanda, nilichukua kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaiacha mfukoni. Nikasema mimi ni Mwalimu Lornah, dada yake Oduor. Nikasema mwaka wa kwanza, mahali hapahapa, mzee mwenye shamba hili aliinua mkono, nami nikamwambia akae chini, na mkacheka, na waliocheka wengine wapo hapa. Nikasema nilikosa, naye alikuwa sawa, na ninaomba msamaha mbele ya wale walioniona nikimwaibisha. Hakuna aliyecheka. Nikatafuta kofia yake kati ya watu, sikuiona. Nikashuka.

Manjit akaanza. Amenenepa, ana watoto watatu, lakini gitaa bado linamkunja uso vilevile. Alifunga macho. Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa nikijiambia, basi, umesema, hakuja, nayo ni haki yake.

Nikamwona akipita katikati ya watu. Alivaa koti la kanisani. Watu walimpisha bila kuambiwa. Akafika mbele, akasimama, akainua mkono wa kulia.

Joram alimwona, ngoma zikanyamaza. Gitaa likaendelea. Ilikuwa ileile, ilikuwa ile kaseti. Manjit akasikia ngoma hazipo. Akafumbua macho, akaona mkono, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi.

Sijawahi kusikia kimya kama kile pale uwanjani. Jenereta tu ya Bwana Kartar, na haikukohoa.

Nilimpelekea kipaza sauti mwenyewe. Alikishika, akatoa kwenye koti hindi moja la mavuno yake, akaliweka jukwaani, miguuni mwa Joram. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ikaenda mpaka kilimani. "Tafadhali kaa chini."

Uwanja wote ukacheka. Kicheko kirefu, kilekile. Nami nikakaa, palepale, juu ya visiki, na gauni langu jipya, nikicheka na kulia. Alingoja mpaka nimekaa vizuri. Ndipo akaanza kumsifu ndugu yangu. Alianza na baiskeli, akaja kwenye gorogoro, akahesabu Ijumaa moja moja mpaka kumi na moja, na Mama, aliyekuwa kwenye kiti mbele, aliitika kila moja.

Jumatatu, 16 Agosti
Mvua ndogo. Nimeandika upya sentensi ya kwanza ya historia, nayo nitaiacha: "Tamasha la Got Winyo lilianza tarehe 14 Agosti 1993, mzee mmoja alipoinua mkono na magitaa yakanyamaza."